Skrubu Isiyoguswa

Delbert Oyler alikuwa na bastola kumi na tisa ndani ya kabati la chuma, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kumtisha mtu. Zote zilikuwa za shabaha, za silinda ya risasi sita, kazi ya mafundi wa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Waliozitumia walisimama wima, mkono mmoja mfukoni, wakatoboa karatasi iliyo mbali. Ukimwambia Delbert kwamba bastola ni bastola tu, hakubishana nawe. Alikumiminia kahawa, akakuwekea moja mkononi ikiwa tupu, akangoja. Wengi walinyamaza wenyewe.

Aliyoipenda kupita zote ilikuwa Tarbell namba 1147. Weusi wake ulikuwa na zambarau ndani, kama bilingani iliyofutwa maji. Kijino cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kilikuwa kimepigwa tupa kidogo upande wa kushoto, na aliyekipiga alijua anachofanya. Na skrubu zake! Hapo ndipo Delbert alipopandisha sauti. Mfereji wa kila skrubu ulikuwa na kingo kali, bila mkwaruzo hata mmoja. Katika kabila la wakusanyaji hawa, skrubu ambayo haijaonja bisibisi huheshimiwa kuliko dhahabu, na atakayeifungua hata mara moja hasamehewi. "Haijafunguliwa tangu ilipotoka kiwandani," Delbert alikuwa akisema, na alishamwambia hivyo tarishi wa posta, mchungaji wa kanisa lake, na daktari wa meno huku mdomo ukiwa umejaa pamba.

Alikuwa ameifuatilia kwa miaka kumi na mmoja. Kiwanda cha Tarbell kilikuwa kimekufa zamani, lakini daftari zake za mauzo zilihifadhiwa kwenye maktaba moja ya jimbo la Ohio, na Delbert aliandika barua, akasubiri, akaandika tena, mpaka msimamizi wa maktaba akamtumia picha ya ukurasa. Namba 1147, Machi 1937, imepelekwa kwa Zeller, duka la saa, mji wa Pruett. Mji wake mwenyewe! Akaingia kwenye magazeti ya zamani, siku baada ya siku, macho yakamwuma. Akampata Orpha Zeller, binti wa mwenye duka, fundi wa saa kama baba yake, mwanamke pekee katika klabu ya shabaha ya Pruett. Juni 1938, kwenye mashindano ya kaunti, Orpha alipata alama mia mbili tisini na moja kati ya mia tatu. Mwanamume aliyemfuata aliachwa kwa kumi na mbili.

Lakini jina lake halikuwa kwenye ubao wa washindi ukutani mwa klabu. Delbert alipofungua daftari la mashindano aliona kwa nini. Alama zile zilikuwa zimepigwa mstari mwekundu, na pembeni neno moja: *Haikubeba.* Chini yake sahihi ya msimamizi, Homer Fenn.

Kila mlengaji anajua maana yake. Bastola ya mashindano hupimwa triga, kile kifyatulio kinachovutwa kwa kidole. Unaitoa risasi, ukavuta nyundo nyuma, ukaelekeza mtutu juu, kisha triga inyanyue uzito wa ratili mbili na nusu kutoka mezani. Nyundo isipoanguka, imebeba. Ikianguka, triga ni nyepesi mno na mwenye bastola amepata msaada asiostahili.

Mji mzima ulikuwa na maelezo yake juu ya neno hilo, na yalikuwa mafupi: Homer Fenn hakuvumilia kushindwa na mwanamke. Fenn mwenyewe hakuwahi kujitetea mpaka akaingia kaburini. Mtu asiyejitetea, watu husema, amekwisha kukiri.

Mwaka huo klabu ilikuwa inatimiza miaka mia moja na ubao ulikuwa unapakwa upya. Delbert akaiandikia kamati. Je, ikithibitika kwamba triga ya 1147 hubeba uzito, jina la Orpha litaandikwa? Kamati ikajibu kwamba litaandikwa.

Mtu wa kwanza aliyempelekea habari hizo alikuwa Arlene, binti pekee wa Orpha. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili, mwembamba, mwenye ulimi usiofungwa kamba. Mama yake alifariki Arlene akiwa na miaka tisa, akalelewa na shangazi, na ni shangazi huyo aliyemlisha hadithi ya Homer Fenn asubuhi na jioni, pamoja na uji. Arlene alikuja nyumbani kwa Delbert kushuhudia upimaji, akakaa jikoni na koti lake mwilini.

"Delbert, usinichezee," alisema. "Mimi sina muda wa kamati. Watu wa umri wangu hatununui hata ndizi za kungoja ziive."

"Tulia, Bi Arlene. Angalia kwanza silinda iko tupu."

Akaiangalia tundu moja moja, zote sita. Delbert akavuta nyundo nyuma, akasimamisha mtutu, akautia uzito kwenye triga na kunyanyua polepole. Uzito ukaondoka mezani, ukaning'inia. Nyundo haikutikisika. Akarudia mara tatu kama sheria inavyotaka.

"Imebeba," Arlene akasema, sauti ikimpasuka. Kisha akaangalia dari. "Homer Fenn, popote ulipo, umesikia? Imebeba, mwongo mkubwa wewe!" Akalia, akacheka, akaomba kipande cha pai kilichokuwa kwenye friji.

Delbert alifurahi kiasi kwamba usingizi ulimpotea. Furaha hiyo ilidumu siku nne, mpaka barua ya pili ya kamati ilipofika. Walishukuru kwa picha za upimaji. Hata hivyo, waliandika, springi hubadilishwa, na huenda mtu aliiweka mpya baada ya mwaka 1938. Tafadhali fungua vibao vya kitako, utuonyeshe alama ya kiwanda kwenye springi na kwenye skrubu inayoikaza.

Afungue! Delbert aliisoma barua amesimama, akaisoma tena ameketi, akampigia simu rafiki yake Rusty Kaufholz. Rusty naye alikuwa mkusanyaji, lakini wa aina ya wale wanaofungua kila kitu na kubaki na vipande viwili vya ziada mkononi.

"Kwa hiyo?" Rusty aliuliza alipofika.

"Kwa hiyo haijafunguliwa tangu ilipotoka kiwandani."

"Nimeshasikia. Nadhani hata mbwa wangu ameshasikia. Delbert, miaka kumi na mmoja umezunguka maktaba zote za Ohio ukimtafuta huyu mama, na nyumba yake unayo kabatini. Hujabisha hodi hata siku moja!"

"Ile skrubu nikiigusa, Rusty, hairudi kuwa vile ilivyo."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unataka cha mvunguni lakini unaogopa kuchafua goti."

Delbert alimeza maneno hayo kama dawa. Alikuwa ametengeneza vyuma vya kiwandani miaka arobaini, na mikono yake haikuwahi kumwaibisha, lakini asubuhi ile aliinawa mara mbili. Akachagua bisibisi aliyoisugua mwenyewe kwenye jiwe mpaka ncha yake ikakaa sawasawa ndani ya mfereji wa skrubu. Akatandika kitambaa. Akashusha pumzi, akaanza kuzungusha.

Skrubu ilikubali mara moja.

Akasimamisha mkono. Skrubu iliyokaa miaka themanini na kitu bila kuguswa hushikilia, hulia, hukataa kwanza. Hii ilizunguka laini, na ilipotoka aliona uzi wake una alama ya mafuta. Mafuta mepesi, ya njano, yale yanayotiwa ndani ya saa.

"Ameshaifungua," Delbert alisema.

"Nani?"

"Orpha. Ameifungua na kuifunga, Rusty, na hakuacha hata alama. Mimi nimeitazama kwa kioo cha kukuzia miaka kumi na mmoja. Mimi!" Aibu ilimpanda usoni, na nyuma yake ikaja furaha ambayo hakuitazamia. Hakuwahi kupigwa chenga na mkono safi namna ile, na mwenye mkono alikuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa. Angekuwa hai, Delbert angemvulia kofia barabarani.

Akatoa kibao cha kushoto. Springi ilikuwa ya kiwanda, alama iko wazi. Skrubu iliyoikaza ilikuwa ya kiwanda, urefu wake kamili, hakuna aliyeikata ili kulegeza triga. Ushahidi wote ulikuwa pale. Rusty alipiga meza kwa kofi na kusema ushindi umepatikana, sasa waende wakale.

Lakini ndani ya kibao cha kulia palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa tiketi ya duka la Zeller, ya kuandikia saa iliyoletwa kutengenezwa. Mafundi saa wa zamani walikuwa na desturi hiyo: ukimaliza matengenezo unaacha kumbukumbu ndani ya chombo, ili atakayekifungua baada yako ajue kilichofanyika. Delbert alilijua hilo. Angelikumbuka mapema, kama si kule kuziabudu skrubu. Akaikunjua karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma kwa sauti.

*Juni 19, 1938. Skrubu ya springi ililegea nusu mzunguko wakati wa mashindano. Nilihisi triga imekuwa nyepesi katika risasi kumi za mwisho. Nilipomaliza nilimwomba Bw. Fenn apime tena. Haikubeba. Nimemwambia azifute alama zangu. Bw. Fenn hataki watu wajue kwamba mimi ndiye niliyesema, maana watauliza nilijua lini, na wataniita mwizi. Anasema afadhali wamchukie yeye. Nimemkatalia mara tatu, hasikii. Skrubu nimeikaza na kuitia gundi. O.Z.*

Friji iliunguruma, ikanyamaza.

"Irudishe," Rusty alisema hatimaye. "Irudishe ndani, funga, peleka picha ya springi. Hakuna aliyeona."

"Wewe umeona."

"Mimi nimeshasahau. Bi Arlene ana miaka themanini na miwili, Delbert. Keki ya sherehe imeshaagizwa. Unataka kumpelekea msiba?"

"Msiba gani?" Delbert alisimama, na sauti yake ikapanda kuliko alivyokusudia. "Hakuna aliyemshuku, Rusty! Walishampima mwanzoni, ikabeba. Walishahesabu alama, ameshinda, wanaume wote wako nyuma yake wameinamisha vichwa. Angeweka bastola kwenye sanduku akaenda zake nyumbani. Akamfuata msimamizi akamwambia pima tena. Wewe ungepima tena?"

Rusty alikuna shingo. "Mimi ningekuwa nishafika nyumbani."

"Na mimi pia. Ndiyo maana hatumo kwenye ubao wowote."

"Basi na yeye hatakuwamo."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelisukuma jina hilo kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na sasa ni mwenye jina aliyeinua mkono kumwambia asimame. Angeweza kuifunga skrubu ile. Alikuwa na bisibisi mkononi. Akaitazama tiketi kwa muda mrefu, mwandiko mdogo ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuandika mahali padogo. Kisha akaitia kwenye bahasha, akavaa koti.

Arlene aliisoma amesimama kando ya sinki. Aliisoma mara ya pili, midomo ikicheza.

"Ni mwandiko wake," Arlene alisema. "Hii 'p' yake. Aliandika hivi hivi kwenye mifuko yangu ya chakula cha shule." Akavuta kiti, akakaa. "Nani mwingine ameiona?"

"Rusty."

"Rusty ana mdomo."

"Nimemwambia akifungua mdomo nitaueleza mji mzima alivyoipasua ile Tarbell yake kwa nyundo."

Arlene hakucheka. Aliisawazisha tiketi juu ya meza kwa kiganja, tena na tena, ingawa haikuwa na mkunjo tena.

"Kila Jumapili tulikuwa tukila kwa akina Fenn," alisema. "Mama na mimi. Kuku, viazi, na Bwana Fenn akimkatia mama paja kabla ya kumpa mtu yeyote. Mama alipokufa, shangazi akaniambia mama alikuwa na roho nzuri mpaka ikawa ujinga, kula na mtu aliyemwibia. Nikaamini. Alikuwa shangazi, ningemwamini nani? Mimi na Dottie Fenn tulikaa dawati moja. Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Nikasimama mbele ya darasa zima nikamwambia, baba yako mwizi. Tangu siku hiyo sijamwambia neno."

"Na yeye?"

"Yeye hakuacha. Kila Krismasi aliweka kopo la biskuti mlangoni kwangu. Miaka sabini, Delbert. Nilikuwa nawatupia ndege." Machozi yalimtoka bila yeye kukunja uso, na hakuyafuta. "Baba yake alipokufa msafara ulipita hapa mbele. Nilifunga pazia. Nilifunga makusudi, ili waone linavyofungwa."

Kwa mara moja katika maisha yake Delbert hakusema kitu juu ya bastola. Alikaa naye mpaka kahawa ikapoa.

"Kamati inangoja jibu langu Ijumaa," alisema mwishowe. "Nikiwaonyesha springi peke yake, jina litaandikwa. Karatasi ni yako, Bi Arlene. Amri ni yako."

Arlene alimtazama kama vile ameuliza swali la kitoto. "Mama alifuta mwenyewe. Mimi ni nani wa kumwandikia?" Akasimama, akatafuta kofia yake. "Waambie ukweli wote, na neno la Homer Fenn ulieleze vizuri, lisibaki vile lilivyo. Lakini kwanza chukua funguo za gari."

Dottie Fenn alikuwa akiishi kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mji, mwendo wa dakika sita. Mlangoni Arlene alisita, mkono ukiwa hewani, na Delbert ndiye aliyebisha.

Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti karibu na dirisha aligeuza uso kufuata sauti. Macho yake yalikuwa na utando.

"Nani?"

"Arlene."

"Arlene wa Orpha?" Dottie aliuliza. "Umekuja kuninyima salamu humu humu ndani? Barabarani palikuwa padogo?"

"Nimekuletea kitu usome."

"Macho yalikwisha aga, Arlene. Kama unataka kisomwe, soma wewe."

Delbert aliona jinsi Arlene alivyotafuta mahali pa kushika, akashika ukingo wa kitanda. Akaifungua tiketi. Alisoma tarehe, akasoma habari ya skrubu, akasoma *nimemwambia azifute alama zangu*, na sauti yake ilikuwa imara kuliko Delbert alivyotarajia. Alipofika pale Homer Fenn aliposema afadhali wamchukie yeye, sauti ilikatika. Akasubiri, akakohoa, akalisoma tena lote tangu mwanzo wa sentensi, kila neno, kama mtu anayelipigia magoti.

Dottie hakushtuka. Mikono yake ilibaki palepale juu ya blanketi.

"Ulijua," Arlene alisema.

"Baba aliniambia alipokuwa anaumwa. Akaniapisha."

"Lakini alikwisha kufa! Miaka hamsini! Ungekuja tu ukaniambia, hata kwa matusi. Nilistahili matusi. Kwa nini hukuniambia, Dottie?"

Dottie alinyoosha mkono hewani, akaupapasa mpaka ukalipata pindo la koti la Arlene.

"Ulikuwa na mama mmoja tu," alisema, "naye alikuwa amekwisha kufa. Mimi ningekupokonya ushindi wake, nikupe nini badala yake?"

Arlene alijaribu kusoma mstari uliobaki, ule wa gundi, akashindwa. Akaiweka karatasi mapajani mwa Dottie, akaketi kando yake kitandani. Delbert akatoka nje, akawafungia mlango.